Kilo ngapi za chakula kwa siku? Hesabu ya mlo wa safari ya miguu ya siku kadhaa

Mmoja atakwambia nusu kilo kwa siku inatosha. Mwingine atakuapia kwamba hata kwa kilo nzima atarudi na njaa. Wa tatu hapimi kitu: anashindilia begi mpaka zipu inagoma, kisha siku ya pili anaanza kuwabembeleza wenzake wamsaidie kumaliza karanga. Cha ajabu ni kwamba wale wawili wa kwanza wanaweza wote kuwa sahihi, maana hawazungumzii chakula cha aina moja. Nusu kilo ya njugu na chokoleti ina nishati kuzidi kidogo kilo nzima ya mkate. Swali la "kilo ngapi" linaulizwa sana na wanaojiandaa kulala milimani au porini kwa mara ya kwanza, lakini halijibiki mpaka mtu ajue kilo ya nini.

Tuanze na kalori, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kuliko vyote na kueleweka kidogo kuliko vyote. Kalori ni kipimo cha nishati, yaani nguvu ambayo mwili unaipata kwenye chakula. Kwenye pakiti imeandikwa kcal, na hiyo ndiyo watu wanayoiita kalori katika mazungumzo ya kawaida. Nami nitaiita hivyo hivyo. Pakiti nyingine zinaandika kJ. Ukikutana nazo, gawanya namba hiyo kwa 4.2 upate kalori. Gramu moja ya wanga inatoa kalori 4, gramu ya protini 4, gramu ya mafuta 9. Maji hayatoi kitu. Ukishika namba hizo, sehemu kubwa ya kinachofuata utaikisia mwenyewe.

Tufaha lina kama kalori 50 katika kila gramu 100. Viazi vilivyochemshwa havifiki 90. Mkate uko kwenye 265, tende 280, mchele na tambi kabla ya kupikwa 360 na ushei, oti 380, jibini kavu 400. Maziwa ya unga yasiyoondolewa mafuta yanakaribia 500, karanga 570, na mafuta ya kula yenyewe 880. Ukitazama mpangilio huo utaona mambo mawili tu: maji yakipungua namba inapanda, na mafuta yakiongezeka inapanda tena. Hakuna siri nyingine. Anayebeba matufaha na mikebe ya maharage anabeba maji mgongoni, na pengine kule aendako kuna kijito kila baada ya saa moja.

Hapa ndipo unapoingia uvumi wa kwanza, kwamba chakula kilichokaushwa "hakina kitu". Kukausha kunaondoa maji, basi. Wanga, protini na mafuta vinabaki palepale. Kinachopungua ni baadhi ya vitamini, hasa vitamini C, na kwa safari ya siku nne au tano hilo si jambo la kumnyima mtu usingizi.

Basi kwa nini mtu asibebe mafuta matupu akamaliza kazi?

Swali hilo liliwahi kujaribiwa, tena mahali pabaya kuliko pote. Katika majira ya baridi ya mwaka 1911, watu watatu wa msafara wa Robert Falcon Scott kule Antaktika, Edward Wilson, Henry Bowers na Apsley Cherry-Garrard, walifunga safari ya kwenda Cape Crozier kutafuta mayai ya ngwini. Wakiwa njiani walijifanyia jaribio la chakula. Walikuwa na biskuti, siagi na pemikani, yaani nyama kavu iliyosagwa na kuchanganywa na mafuta. Kila mmoja alianza na mgawo wake: Bowers aliongezewa pemikani, Cherry-Garrard aliongezewa biskuti, Wilson akapewa siagi, zaidi ya gramu 220 kwa siku. Haikuchukua muda mrefu. Cherry-Garrard alikuwa na njaa na kiu ya mafuta, ilhali Wilson hakuweza kuimaliza siagi yake hata katika baridi ile ya kugandisha nguo mwilini. Mwishowe wakabadilishana: huyu akatoa biskuti, yule akatoa siagi, wakakutana katikati.

Jaribio la watu watatu si sayansi ya kuandikia sheria. Lakini kila anayebeba chakula chake mgongoni hukutana na jambo hilo hilo: mafuta ndiyo mepesi kubeba kuliko vyote kwa nishati yanayotoa, ila tumbo lina kikomo. Yakizidi yanakinaisha, yanakaa tumboni muda mrefu, na kwenye mwinuko yanaleta kichefuchefu. Wanga nao unatumika haraka, kwa hiyo ndio unaofaa wakati miguu inafanya kazi. Ndiyo maana mafuta yanafaa zaidi jioni, kijiko kimoja au viwili vikimiminwa kwenye tambi au wali, na mchana yaje yamejificha ndani ya njugu na chokoleti. Kijiko kikubwa cha mafuta kina karibu kalori 120 na uzito wa gramu zisizofika 14. Sijui kitu kingine jikoni chenye faida hiyo.

Mwili unatumia kiasi gani

Watu wanapenda kutaja namba moja, kama vile miili yote imetoka kiwanda kimoja. Tuijenge hesabu taratibu.

Mtu wa kilo 70 akilala tu kutwa, mwili wake unachoma kalori kama 1,600 au 1,700 kwa kupumua, kusukuma damu na kujipasha joto. Ongeza shughuli ndogondogo za kambini, kusimamisha hema, kuchota maji, kukaa kwenye baridi, na ufike 2,000 au zaidi kidogo.

Sasa mtembeze. Kutembea tambarare kunagharimu takriban nusu kalori kwa kila kilo kwa kila kilomita, juu ya zile ambazo angechoma akiwa amekaa. Kilo zinazohesabiwa ni za mtu pamoja na mzigo wake. Mtu huyu akiwa na begi la kilo 12 anakuwa kilo 82. Kilomita 15 zitamgharimu kalori 600 na kitu, na njia ikiwa ya mawe au matope, zaidi ya hapo.

Halafu mpandishe. Kuinua kilo 82 kwa mita 1,000 ni kazi ya kalori zisizofika 200 ukipiga hesabu ya fizikia. Ila misuli ni mashine ya hasara: kati ya robo na moja ya tano tu ya nishati inakuwa mwendo, iliyobaki inatoka kama joto. Ndiyo sababu unatokwa jasho hata penye upepo baridi. Kwa hiyo mita 1,000 za kupanda zinagharimu kalori kama 800 au 900. Jumlisha zote na siku hiyo imefika karibu kalori 3,500.

Sasa mchukue mwenye kilo 52 na begi la kilo 9 katika njia hiyo hiyo: atahitaji pungufu kwa mamia ya kalori. Mwenye kilo 95 atahitaji zaidi kwa kiasi kama hicho au kuzidi. Kwa maana hiyo "tugawane sawa kwa sawa" ni haki ya masikioni tu. Mgawo ufuate uzito wa mtu na uzito anaobeba. Kusema wanawake wale kidogo kwa kuwa ni wanawake nako ni kukosea. Mwanamke mwenye kilo 75 aliyebeba hema anahitaji chakula kuliko mwanamume wa kilo 60 aliyebeba kamera.

Je, lazima kila kalori irudishwe?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapojitwisha mzigo wa bure.

Mwili una akiba mbili. Ya kwanza ni wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, unaoitwa glaikojeni; kwa mtu mzima ni kama kalori 2,000 hivi. Hizo ni pesa za mfukoni, unazitoa papo hapo mlima unapochongoka. Ya pili ni mafuta ya mwilini, na hayo ni kibubu: kimejaa, lakini hakitoi pesa kwa haraka unayoitaka. Hata mtu mwembamba ana makumi ya maelfu ya kalori humo, kwani kilo moja ya mafuta ya mwili ina kama 7,700.

Tuseme mtu anachoma 3,500 na anakula 2,800. Anapungukiwa 700 kwa siku. Kwa siku nne ni 2,800, yaani chini ya nusu kilo ya mafuta ya mwili. Akirudi nyumbani atakula vizuri na habari imekwisha. Isitoshe, siku mbili tatu za mwanzo wengi hawana hamu kubwa ya chakula kwa sababu ya uchovu na mazingira mageni. Ile njaa ya kufuta sufuria kwa kidole huja baadaye, safari inapopita wiki. Kwa mtu mzima mwenye afya njema, safari ya siku tatu hadi tano haihitaji kufidia kila kitu.

Ila hesabu hiyo isichukuliwe kuwa ruhusa ya kutokula. Anayesema "nina kitambi, nitakitumia" na kutembea tangu asubuhi bila kutia kitu kinywani atamaliza pesa za mfukoni kabla ya saa nane mchana, na kibubu hakitamwokoa kwenye mteremko mkali. Miguu inakuwa mizito, akili inakuwa nzito zaidi, na mtu anaanza kukosea njia au kukanyaga vibaya. Dawa yake ni kula kidogo kidogo, kila saa au saa moja na nusu, kabla njaa haijabisha hodi.

Safari ndefu ina sheria zake. Mwaka 1992 hadi 1993, Ranulph Fiennes na Mike Stroud walikatiza Antaktika kwa miguu wakivuta sleji, kwa zaidi ya siku 90. Walikuwa wakila zaidi ya kalori 5,000 kwa siku, na bado kila mmoja alipungua zaidi ya kilo 20. Hiyo ni hali ya kupita kiasi, lakini inaonyesha pengo la kila siku linavyojilimbikiza. Ukizidi siku kumi, pengo linahesabiwa kwa makini na mahali pa kuongezea chakula njiani panapangwa mapema.

Hesabu milo, usihesabu siku

Kosa linaloongeza uzito kuliko mengine ni kuzidisha mgawo wa siku kwa idadi ya siku. Safari ya "siku nne" kwa kawaida si siku nne kamili za kula. Siku ya kwanza umeshakunywa chai nyumbani. Siku ya mwisho jioni uko kwenye meza ya mtu. Andika kwenye karatasi: vifungua kinywa 3, chakula cha njiani mara 4, chakula cha jioni 3.

Kisha weka kila mlo kwenye mizani. Mfano mmoja, kwa mtu wa kati:

Asubuhi, oti gramu 90, maziwa ya unga 30, zabibu kavu 30, sukari 10. Jumla gramu 160, kalori kama 620. Njiani, njugu mchanganyiko gramu 80, chokoleti 50, tende 60, biskuti 80, jibini kavu 50. Jumla gramu 320, kalori zinazokaribia 1,480. Jioni, tambi gramu 130, supu ya unga 30, nyama kavu 30, mafuta ya kula 20. Gramu 210, kalori 860. Ongeza gramu 30 za kakao na sukari ya kinywaji cha moto, kalori 110. Siku nzima ni gramu 720 na kalori zinazozidi 3,000 kidogo.

Angalia kwamba karibu nusu ya nishati iko kwenye chakula cha njiani, kile kisichopikwa. Hilo si bahati mbaya. Wasiozoea wanawekeza akili yote kwenye chakula cha jioni, kisha wanajikuta mchana wana pakiti moja ya biskuti mfukoni na vitu vyote vizuri viko chini kabisa ya begi.

Ukizidisha 720 kwa siku nne unapata gramu 2,880. Ukihesabu kwa milo unapata 2,480. Gramu 400 zimeondoka bila mtu kukosa tonge. Juu ya hizo weka mlo mmoja wa tahadhari, usiohitaji moto wala maji, kama gramu 200, kwa ajili ya mto uliofurika au kifundo cha mguu kilichoteguka. Jumla inakuwa chini kidogo ya kilo 2.7. Aliyebeba "kilo kwa siku" ana kilo 4.

Mlo wa tahadhari ni mmoja kwa safari ya aina hii, na wawili au zaidi ikiwa njia iko mbali na msaada au hali ya hewa haitabiriki. Kwenye kundi ndiko mpango huo unakoharibika: kila mtu anaongeza chake kwa siri, watu sita wanabeba milo kumi na miwili ya ziada, na hakuna anayejua ya mwenzake. Na yule aliyepanga orodha akiwa hana cha kubeba hupanga kwa ukarimu mkubwa, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Chakula cha pamoja kiandikwe kwenye karatasi moja, na cha tahadhari kiwe na mbebaji anayejulikana.

Pakiti inaposema "watu wawili"

Maneno hayo yanawapotosha wengi. Kiwanda ndicho kinachoamua ukubwa wa mgawo, na mtu aliyefikiriwa pale hajapanda mita 1,000. Usisome idadi ya watu, soma jumla ya kalori za pakiti nzima. Ikiwa chakula cha "watu wawili" kina kalori 800 zote kwa pamoja, hicho ni chakula cha jioni cha mtu mmoja.

Angalia pia kama namba zimetolewa kwa gramu 100 za chakula kikavu au kilichokwisha kupikwa. Gramu 100 za mchele mkavu zina kalori 360. Ukishaiva unakuwa na uzito mara mbili na nusu hadi tatu, na gramu 100 za wali zina 130 tu. Mchele haujapoteza kitu, umekunywa maji. Lakini anayechanganya namba hizo mbili atabeba theluthi moja ya alichohitaji, au mara tatu yake.

Toa vyakula kwenye maboksi na mifuko ya kiwandani, uvitie kwenye mifuko midogo ya kufunga, kila mlo na mfuko wake, juu umeandikwa kwa kalamu: "jioni 2, maji vikombe viwili, dakika 10". Usipoandika, jioni ya pili ukiwa umechoka utamimina oti kwenye supu. Mafuta yawekwe kwenye chupa yenye kizibo cha skurubu na chupa iingie ndani ya mfuko mwingine, kwa sababu mafuta yakivuja kwenye mfuko wa kulalia hayasameheki. Pakiti zilizofungwa na hewa ndani zinavimba kadiri unavyopanda, kwa kuwa mgandamizo wa hewa nje unapungua. Hazijaoza, wala usizitupe.

Mwinuko na moto

Kila unapopanda mita 300 hivi, maji yanachemka kwenye joto pungufu kwa nyuzi kama moja. Kwenye mita 3,000 yanachemka karibu nyuzi 90. Yanatokota kwa kishindo kile kile, ila hayana joto lile lile, na kuongeza moto kunamaliza gesi tu. Tambi nyembamba na oti zitaiva. Maharage makavu yatakufanya ulale na njaa huku sufuria ikiendelea kuchemka. Kwa hiyo uzito wa chakula hauishii kwenye chakula: kinachohitaji dakika 40 za moto kina gesi yake, na gesi nayo inabebwa.

Juu ya mita 2,500 wengine hupoteza hamu ya kula kabisa. Hapo kuongeza mgawo hakusaidii. Kinachosaidia ni mlo mdogo, mara nyingi, wenye wanga zaidi na mafuta machache, na kitu chenye chumvi. Hamu ikipotea pamoja na kichwa kuuma na kutapika, suala si la jikoni tena. Hiyo ni dalili ya ugonjwa wa mwinuko: usiendelee kupanda, na hali ikizidi, shuka.

Chumvi inastahili sentensi mbili. Anayetoka jasho kutwa na kunywa maji matupu kwa wingi anaweza kuishusha sodiamu ya damu mpaka akaumwa, na dalili zake, kichwa na kichefuchefu, watu huzidhania ni kiu wakamwongezea maji. Supu ya jioni na njugu za chumvi kwa kawaida zinatosha.

Ukirudi, kabla begi halijapelekwa stoo, weka mabaki yote kwenye mizani na uandike ni nini kilichobaki, si uzito pekee. Gramu 300 za biskuti zilizorudi zina maana tofauti na gramu 300 za maziwa ya unga: za kwanza huenda zilikuchosha kinywa, za pili huenda ulikosea kipimo. Mlo wa tahadhari usiuhesabu, huo ulipaswa kurudi.